Bibi Anachambua Mchele

Jumamosi, 5 Machi 1994
Foleni ya mchele kabla ya masomo. Kiangazi kilichopita hapa Japani kilikuwa cha baridi, mpunga wetu ukaharibika. Serikali iliyokataa mchele wa nje miaka yote sasa inaununua kwa pupa. Ukitaka mfuko wa Kijapani, lazima uchukue na wa Thailand. Mama akamwambia muuza mchele, Bwana Muroi, abaki na huo wa pili. "Mama Chizuru, ningeweza ningekusikiliza. Amri ni ya wakubwa."

Jumatatu, 7 Machi
Mama aliupika ule wa Thailand kama tulivyozoea: kuuloweka, maji kidogo. Ukatoka mkavu, unanuka ghala. Bibi akaweka vijiti chini. "Huu hata panya waliukataa, ndiyo maana umetufikia." Mama alicheka. Bibi hakula tena.

Jumatano, 9 Machi
Mchele wa kwetu kidogo uliobaki ni wa Babu — bakuli analowekewa marehemu mbele ya picha yake, kila asubuhi — na wa Bibi. Mimi na Mama tule huo mwingine. Tulikubaliana. Leo shuleni nikafungua chakula changu: wali wa kwetu! Bibi kanipa wake. Nyumbani alikunywa chai na kula kachumbari tu. "Mtoto anayesoma hali makapi."

Jumapili, 13 Machi
Juzi Mwalimu Hamasaki alisema wanunuzi wa miaka yote wa Thailand huchukua mchele mzuri. Sisi tuliufungia mchele wa nje mlango, tukafika sokoni jioni. Kitabu cha maktaba kinasema huu huchemshwa kwa maji mengi, kama tambi, kisha unachujwa. Nikajaribu. Ulichambuka, haukunuka sana. Mama alirudia bakuli! Bibi punje zilimtoka kwenye vijiti. "Nidonoe kama kuku?" Akanisogezea bakuli lake.

Jumatano, 16 Machi
Sasa mchele unakuja umeshachanganywa, mfuko mmoja. Maji kidogo, mrefu wa Thailand unabaki mgumu. Maji mengi, mfupi wa kwetu unakuwa uji. Bwana Muroi alinipa mfuko huku akitazama pembeni.
Nimerudi, Bibi yuko dirishani na sinia. Anachambua punje moja moja — fupi huku, ndefu kule. Nimemwambia shuleni nashiba, asinifungie wali wake tena. "Shika kitabu chako."
Nimekishika. Fungu la punje fupi za Babu limetimia, anaanza la kwangu. Amevaa sweta mbili na bado mabega yake ni membamba. La tatu, lake, hajaliwekea nafasi kwenye sinia.