Kisigino cha Kiatu cha Kushoto

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Fundi Viatu,
S.L.P. 418.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo? Jino limeacha kukuuma? Unakula vizuri, au bado unashindia mkate mkavu kama mtu asiye na dada? Barua yako ilitufikia Ijumaa. Baba aliisoma mara mbili kwa macho yake, na mara ya tatu akanipa mimi niisome kwa sauti, eti miwani imeingia vumbi. Tumefurahi mno kusikia kwamba timu yako ya kriketi imekupa nafasi ya mrushaji wa kwanza. Nilipiga kigelegele mpaka mteja niliyekuwa nampima suruali akaruka.

Kila nikikuandikia huanza kwa kusema kwamba sisi huku tu wazima wa afya. Leo sitaandika hivyo. Kaa kitako, usome barua hii ukiwa peke yako, na ukimaliza uichane. Nimesema uichane, si uitie chini ya godoro kama ulivyozoea kuficha kila kitu tangu utotoni.

Kaka yako hatarusha mpira tena. Mwezi wa tatu nilikuandikia kwamba amepasuliwa mgongo na anaendelea vizuri. Nilikudanganya, na aliyeniapisha ni yeye mwenyewe, asitake ujue kabla hujasaini mkataba wako. Ukweli ni kwamba mfupa wa chini ya mgongo ulikuwa umepasuka na kuteleza, na kabla madaktari hawajaufunga kwa vyuma, ulishabana mshipa wa fahamu. Mguu wa kushoto haunyanyuki, anauburuta tu. Anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi chooni, na kuna siku hafiki. Shemeji yako, mkewe, anafua mashuka. Mtu wa miaka ishirini na tisa, jamani!

Unakumbuka alivyokuwa? Wewe ulikuwa unapandishwa juu ya ukuta wa uwanja, miguu yako haigusi chini. Alikuwa akihesabu hatua kumi na tisa kwenda nyuma, anachora mstari kwa kiatu, anageuka. Akianza kukimbia, uwanja mzima ulikuwa unaita, hodi! hodi! Mpira ukipita pembeni watu wanaguna. Ukimpita mpigaji na kuangusha vile vijiti vitatu nyuma yake, basi ni kelele moja tu, karibu ndani! Ndivyo alivyopata jina la Hodi. Misimu minane watu walilipa viingilio waje kumwitia hodi. Siku hizi yupo mrushaji mwingine anayeanzia mbio pale pale palipokuwa na mstari wake, na nasikia naye wameshamtafutia jina. Timu yenyewe ilileta kapu la matunda na kadi iliyosainiwa na karani. Nilitamani nimrushie karani huyo papai la kichwa, ila kaka yako alisema nimpe chai.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye sababu ya barua hii. Umemwomba baba akushonee viatu kama vya kaka yako, vyenye tundu kwenye kidole gumba na kisigino cha kushoto kilichoinuliwa. Tundu halina neno. Mrushaji wa mkono wa kulia anatua kwa mguu wa kushoto na uzito wote wa mwili, kidole kinagonga ncha ya kiatu mpaka ukucha unakuwa mweusi, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Baba alikata tundu lile kwa kisu chake, na kidole kikapona. Shida ni kisigino.

Msimu wa sita kifundo cha mguu kilianza kumsumbua kaka yako. Mwanzoni hakuwaambia timu, maana mrushaji anayelalamika kesho yake anakalishwa benchi. Alikuja kwa baba. Baba akakata kipande cha ngozi, akakitia ndani ya kisigino cha kiatu cha kushoto ili mguu upate ahueni, na kweli ukapata. Msimu uliofuata akaongeza cha pili. Kisha cha tatu. Baba alifurahi usiseme! Alijiona naye ni mchezaji wa timu. Siku za mechi alikuwa haangalii mpira, anaangalia kiatu. Na maumivu yaliyokuwa yanabaki, daktari wa timu aliyazima kwa sindano kabla ya mchezo, bila hata siku moja kuangalia ndani ya viatu.

Mwezi wa pili, kaka yako alipolazwa, daktari wa upasuaji aliomba aletewe viatu alivyokuwa akichezea. Baba alivileta mwenyewe kwenye mfuko. Daktari alisubiri baba atoke kwenda kututafutia maji ya kunywa, akapasua kisigino kwa wembe, akavitoa vile vipande vitatu na kuvipanga juu ya shuka. Unene wa kidole changu hiki. Akatueleza polepole kwamba kwa misimu mitatu kiuno cha kaka yako kilikuwa kimekaa upande, na kila alipotua mfupa ulikuwa unasagika, na zile sindano zilimnyamazishia maumivu ambayo yangemshtua mapema. Yote hayo kwa kiatu kimoja kuwa kirefu kuliko mwenzake.

Kaka yako alinishika mkono kwa nguvu. "Dada, baba asijue. Akijua utamzika, na mimi utanizika naye." Nikaapa, nikavitia vile vipande mkobani mwangu. Baba aliporudi na maji, akasema foleni ilikuwa ndefu, akatumiminia sote, mengine akayamwagia shuka. Nikasema moyoni, uzee huo umefika. Viatu hakuviulizia, nami nikashukuru kwamba amevisahau.

Tangu hapo tunaishi kwa uongo mmoja tuliotunga sisi wawili. Tumemwambia baba kwamba kaka yako aliteleza mazoezini kwenye nyasi mbichi, kwa sababu mtunza uwanja alimwagilia kupita kiasi. Masikini yule mtunza uwanja, mtu wa watu, hajui hata anasemwa! Baba humlaani asubuhi na jioni, na sisi tunaitikia.

Halafu ikaja barua yako. Nilipofika kwenye neno viatu nilimwona kaka yako anabadilika sura, lakini angekataa kwa sababu gani? Jumamosi baba akatoa ngozi. Kaka yako akajikokota mpaka mlango wa karakana, akaegemea fimbo. Yeye aliyeitiwa hodi na uwanja mzima alisimama pale, akamtazama baba akichora, akikata soli, akikata na vile vipande vitatu vya kisigino, kimoja baada ya kingine. Baba hata alimtania, akamwambia safari hii anamshonea mtu anayesikia la mkubwa wake. Kaka yako akacheka. Mimi nikaingia chumbani kwangu nikakanyaga cherehani bila kitambaa, ili wasinisikie nikilia.

Basi maagizo ni haya, tumeyapanga mimi na kaka yako, na sitaki ubishi. Viatu vitakufikia. Usirushe mpira hata mmoja navyo. Vivae siku moja, simama, ukenue meno, upigwe picha, umpelekee baba pamoja na shukrani. Kisha uvichome. Usimpe mwenzako, maana na huyo ana mama yake. Na kifundo kikiuma, sema. Wakikukalisha benchi, kaa. Sihitaji shujaa mwingine ndani ya nyumba hii, huyu mmoja ananitosha.

Tena usije ukamchukia baba. Mimi nilijaribu, nakwambia kweli. Kuna siku nilimnunia mpaka akaniuliza kama naumwa. Nikamtazama pale juu ya kigoda chake, msharasi wa kutobolea ngozi mkononi, misumari mdomoni, nikashindwa.

Alhamisi, tarehe 12

Naendelea leo. Jana niliacha hapo kwa sababu baba aliniita kusema viatu viko tayari, nivishonee kitambaa cha kifurushi. Asubuhi hii amekwenda kunyolewa. Nikasema ngoja nivipime kabla sijafunga, nikuandikie unene wenyewe, usije ukadhani dada yako anatia chumvi.

Nilichukua futi yangu nikapima kisigino cha kulia. Nikapima cha kushoto. Nikadhani nimekosea, nikapima tena. Nikatia mkono ndani, nikabandua ile ngozi ya ndani inayofunika kisigino, nikapapasa. Hakuna kitu. Nikavisimamisha juu ya meza ya kupigia pasi, nikainama kuvitazama. Viko sawa sawa, mdogo wangu. Tundu la kidole lipo, limeshonwa ukingo vizuri. Kisigino hakikuinuliwa hata unene wa karatasi.

Nikaenda karakana. Ndani ya kopo la masalio, chini ya kigoda chake, nimekuta vile vipande vitatu alivyovikata Jumamosi mbele ya kaka yako. Havijaguswa na gundi.

Nikakaa juu ya kigoda kile. Nikakumbuka yale maji. Bomba la hospitali liko pale pale nje ya mlango wa wodi, hatua kumi hazifiki, na siku ile hapakuwa na foleni yoyote. Nilipita pale mwenyewe. Alikuwa amesimama nje ya mlango. Amesikia kila neno la daktari, na la kaka yako pia. Kisha akaingia akatumiminia maji.

Miezi minne, kitinda! Miezi minne anamlaani mtunza uwanja pamoja nasi, ili mwanawe aamini kwamba siri yake imefichika. Na mimi niliyejiona mjanja nilimnunia.

Aliporudi kutoka kwa kinyozi, alikuta nimeshafunga kifurushi. Akakishika, akavuta uzi kuona kama umekaza.

"Umeandika barua?"

"Nimeandika, baba."

"Mwambie apige picha. Asimame, wote tumwone amesimama."

Kaka yako alikuwa pale mlangoni na fimbo yake, akanikonyeza, akijua hiyo picha ndiyo hila yetu. Nikamkonyeza na mimi. Wote wawili wakaridhika, nami nikabaki katikati. Kama ningefungua kinywa, ningepiga yowe la msiba.

Kwa hiyo nayafuta maagizo ya jana. Vivae. Rusha navyo mpaka soli ziishe, ukitaka. Vimeshonwa na mtu anayejua sasa kisigino kinaweza kufanya nini. Na picha utume.

Shemeji yako anakusalimu, anauliza kama bado unakoroma. Shangazi anakusalimu, magoti yake yanamsumbua ila mdomo haujambo. Binti yangu anataka umletee kofia ya timu. Kaka yako anakusalimu, anasema uhesabu hatua zako vizuri. Baba hakuleta salamu, amesema zimo ndani ya kifurushi.

Mungu akulinde mgongo wako, akulinde na moyo, na akurudishe kwetu ukitembea kwa miguu yote miwili.

Ni mimi anayekugombeza kwa kuwa anakupenda,

Dada Mkasi

N.B. Nilikuambia uichane barua hii. Usiichane. Itie hapo chini ya godoro. Mimi sina ubavu wa kumwambia baba wala kaka yako wakiwa hai wote wawili. Siku mmoja wao akizikwa, njoo nayo, umpe aliyebaki.