Mstari wa Juu Kwenye Jiwe la Bangwe

Jumatatu, 5 Mei

Nina miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili na kaka yangu Ramadhani. Mitumbwi mitano imeoza, mimi nipo. Meno ya juu yamekwisha, mimi nipo. Kipindupindu kiliingia kwangu mara mbili, kikatoka bila mimi. Kuandika nilifundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, ndevu tayari zimeota. Naandika polepole. Lakini naandika.

Leo baada ya swala ya alfajiri nimeshuka kuangalia jiwe, kama kila siku. Maji yako vidole vitatu chini ya mstari wa mwaka jana. Bado yanapanda.

Jiwe hili ni letu, watu wa ufuo wa Bangwe. Kila mwaka, masika yakiisha na maji yakisimama, tunachonga mstari kwa tindo pale yalipofika. Mstari wa juu kuliko yote ni wangu. Niliuchonga nikiwa kijana, mwaka wa maji mengi. Hapa hakuna asiyejua. Nimehakikisha.

Mtendaji wa mtaa kaniletea barua. Semina ya serikali, ukumbi wa Katubuka. Mabadiliko ya tabianchi na uchumi wa mazingira. Wanataka wazee wanaolijua ziwa. Wangemwita nani mwingine? Wamemwita na Yohana pia. Sijui kwa nini. Tulivua mtumbwi mmoja miaka thelathini, sasa analima mihogo na kujifanya mpole.

Inasemekana watachora mpaka. Walio chini ya mpaka wahame. Nyumba yangu ndiyo iliyo karibu na maji kuliko zote. Sihami. Nitawaeleza mstari wangu, wajue maji haya yalishakuja na yakarudi yenyewe.

Jumanne, 6 Mei

Nimevishwa kitambulisho shingoni. Jina langu herufi kubwa. Chai, maandazi mawili, yai.

Mtaalamu ni binti kutoka Dodoma, Bi Neema. Sawa na mjukuu wangu wa mwisho. Anaonyesha picha ukutani, mstari unaopanda tu, unapanda tu. Nimechoka kuutazama.

Kisha fomu. Wanauliza mtu yuko tayari kulipa kiasi gani ili ufuo ubaki kama ulivyo. Zainabu akasimama. Huyu ni mjane wa Ramadhani, anaanika dagaa pale mchangani, upande wa juu wa jiwe, uwanja aliouacha marehemu. "Mwanangu, ule mchanga umenisomeshea watoto wanne. Nikulipe wewe kwa lipi?" Ukumbi ukacheka. Bi Neema hakucheka. Aliandika. Akasema hiyo ndiyo thamani yenyewe, na haipo kwenye vitabu vya serikali.

Nikasimama mimi. Wamenipa dakika tano. Nimekaa chini adhana ya adhuhuri ikilia. Nimewaambia mwaka wa maji mengi, mimi mtumbwini na tindo mkononi, mbuzi kapanda juu ya paa. Mbuzi nimemuongeza leo. Yohana alikuwa anaangalia kucha zake.

Bi Neema kaja mwenyewe kunipa shikamoo. "Babu, huo mstari tunauhitaji." Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu wa serikali.

Jumatano, 7 Mei

Wamekuja ufuoni, wote. Bi Neema na kidude kinachosoma setilaiti. Wamepima kila mstari, hata ile iliyozama, ule wangu mara tatu. Nimepigwa picha nimeweka mkono juu yake. Vijana wa dagaa wanapiga kelele, "Babu umetisha!" Kweli nimetisha.

Yohana alinisogelea. "Athumani, sema." Nikamwambia akaangalie mihogo yake.

Alhamisi, 8 Mei

Siku mbaya.

Ramani ukutani. Mpaka mwekundu. Bi Neema akaeleza, maji yakishafika mahali mara moja, yanaweza kufika tena. Kwa hiyo mpaka unapita juu ya mstari wa Mzee Athumani. Mimi niliwaambia yalikuja yakaondoka. Yeye kasikia yalikuja na yatakuja. Nilitaka kusema. Makofi yakapigwa. Walikuwa wananipigia mimi.

Jioni vijana wamepigilia vigingi vyenye rangi nyekundu. Kimoja nyuma ya jiko la Zainabu. Uwanja wake wote wa dagaa, machanja ya kuanikia, nyumba, vyote chini ya mpaka. Alitazama kile kigingi. Akajifunga kanga upya. "Shemeji, jiwe lako limenihamisha."

Chakula nimekiacha.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeswali, sijui nimesoma nini.

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Mstari wangu si wa maji. Ni wa wimbi. Mwaka ule upepo wa kusini ulikuwa mkali. Nilijua baba yake Yohana atachonga kesho yake, nikataka kumuwahi. Nikasimama mtumbwini, Yohana kashika kamba, anacheka. Kila wimbi likituinua nagonga tindo mara moja. Maji yaliyotulia yalikuwa chini, mikono miwili kamili.

Kesho yake Ramadhani alienda peke yake, ziwa limelala, akachonga pale maji yalipokuwa kweli. Hakusema neno. Miaka ilipopita, mimi nikawaambia watu huo wake ulikuwa wa mwaka uliofuata. Wakaamini. Hakunikatalia mpaka anakufa.

Sasa mkewe anahamishwa na wimbi langu.

Jumamosi, 10 Mei

Sikai. Nikikaa nasimama. Nimekwenda Gungu kununua misumari. Sina cha kupigilia. Nimerudi na bodaboda, kijana anaendesha ananiuliza habari za mbuzi wa kwenye paa. Imefika mpaka Gungu.

Nimemkuta Yohana mlangoni na mihogo. "Mwakeye," kanisalimia, Kiha chake cha asubuhi na saa tisa imepita. Akaweka mihogo chini. "Mimi sitasema, Athumani. Jiwe lako, mdomo wako."

Nimemtukana akiwa keshaondoka.

Najiambia hivi. Nikisema, nitakuwa mzee wa uongo mpaka kaburini. Nisiposema, Zainabu ataanika dagaa wapi? Huko juu ni mawe na nyasi za watu. Ana miaka sabini.

Jumapili, 11 Mei

Maji yamefika kwenye mstari wa mwaka jana. Zainabu kageuza dagaa, hakunitazama.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya mwisho ya semina. Taarifa imechapwa, tunatakiwa kutia sahihi. Peni nimepewa mimi kwanza, kwa heshima. Niliishika. Nikairudisha mezani.

Nikasema mstari wa juu ni wa wimbi, si wa maji. Nikasema nilikuwa kijana nataka sifa. Nikasema mstari wa kweli wa mwaka ule ni wa marehemu Ramadhani, ule ulio mikono miwili chini.

Halafu kijana mmoja wa nyuma, "Babu, na yule mbuzi?"

"Hapakuwa na mbuzi."

Wamecheka mpaka viti vinalia. Nimesimama hapohapo, sikujua mikono niiweke wapi. Yohana akainuka. Mtu asiyependa kusema mbele za watu. "Kamba niliishika mimi. Ni kweli asemavyo." Wakanyamaza.

Bi Neema hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifuta nambari moja kwenye kompyuta, na ule mpaka mwekundu ukashuka pale ukutani tukiona. Uwanja wa Zainabu ukatoka nje. Nyumba yake ikatoka. Yangu ikabaki ndani.

Halafu akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo babu, mistari ya miaka hii ya karibuni ndiyo ya juu kuliko yote?" Nikahesabu kichwani. Ramadhani chini. Baba yake Yohana chini. Wote chini. Ndiyo, nikasema. Tangu nizaliwe maji hayajawahi kufika hapa.

Wiki nzima nimekuwa nikisema yalishakuja yakarudi. Hayakuwahi kuja. Nimeogopa. Naandika hivyo hivyo, nimeogopa.

Jumatano, 14 Mei

Maji yamesimama. Kidole kimoja juu ya mstari wa mwaka jana.

Asubuhi tumesubiri ziwa litulie kabisa. Yohana kashika kamba ya mtumbwi. Nimeanza kwa kuufuta mstari wangu wa zamani, nimeupondaponda kwa tindo mpaka hausomeki. Kazi ngumu kuliko kuchonga. Kisha nimechonga mpya, pale maji yalipo. Mstari haukunyooka sana, lakini upo mahali pake.

Sasa ndio ulio juu kuliko yote. Na huu pia ni wangu. Sijafurahi.

Zainabu kanionyesha sehemu nyuma ya jiko lake, nje ya mpaka. Inatosha chumba cha kitanda na sanduku. Kasema nisianze kuvuruga dagaa wake kwa hadithi. Misumari ya Gungu nimeipatia kazi.

Asiyeamini haya amuulize Yohana, mara zote mbili kamba aliishika yeye. Au Zainabu. Alikuwa amesimama ufuoni, ameona maji yametulia.