Nilikianika Kishikwambi Juani

Jumamosi, jioni

Fundi simu wa mtaa wa Chanji amenicheka leo, na bado nina hasira. Kosa langu ni kumwambia ukweli: kishikwambi changu cha kufundishia kilipoanza kuzima baada ya nusu saa, nilikianika juani asubuhi nzima.

"Mwalimu, hayo ni mambo ya mawe ya redio! Betri hii jua linaiua."

Lakini ndivyo baba alivyofanya kule kijijini kwetu Kasense. Alipanga mawe ya redio, zile betri kavu zilizoishiwa nguvu, kwenye turubai, pembeni ya ulezi, na jioni tukasikiliza taarifa ya habari.

Fundi akapima. "Volti zipo, lakini hizo ni msukumo tu. Kilichokwisha ni ujazo, ule umeme ambao betri inaweza kutunza. Ndiyo maana inajaa upesi, inaisha upesi."

Nikamkumbuka baba. Mwaka wake wa mwisho duniani, kila nilipomwamkia, aliitikia "Marahaba" kwa sauti ileile ya kuswagia maksai, ingawa hakuweza tena kunisindikiza hata hadi barabarani. Nami nikarudi mjini nikiwaambia watu mzee yuko imara.

Kumbe nilipima volti tu.