Mafuta ya Gari Linalokuja Kwenye Baridi

Temeke, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi karibu na moto, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa mavuno kiwe kimepona. Mdogo wangu Tumaini akikusomea, mwambie asiruke maneno kama alivyozoea. Mimi ni mzima, ila joto la huku bado linanishinda, na woga wangu unaujua tangu utoto.

Nilikwisha kukueleza kwamba nimepata ukarani kwa Bwana Hasanali, mwenye malori, nikitunza stoo yake ya vipuri na mafuta njia ya Pugu. Bado niko katika majaribio. Neno lake moja laweza kunirudisha nyumbani, na hapo sijui shule ya Tumaini itakuwaje.

Wiki hii ilifika habari kwamba ndugu yake Bwana, yule mwenye duka hapo kwetu Njombe, ni mgonjwa sana. Bwana akaamua kumleta mama yao amwone, kwa gari lake dogo ambalo halijapata kutoka pwani. Fundi Sefu, mzee wa Kizaramo anayetengeneza magari yetu yote, akaja dirishani kwangu.

"Karani, nipe namba hamsini."

Mama, mafuta ya injini yana namba. Namba ndogo ni mafuta mepesi, namba kubwa ni mazito kama asali. Kwa joto la hapa gari lile hutumia arobaini. Nikamwuliza kwa nini safari hii hamsini.

"Si linakwenda kwenye baridi? Wewe mtu wa milimani, kwenu mnajifunika kanga? Basi na gari nalo tulivishe blanketi!"

Watu uani wakacheka, nami nikacheka, lakini mkono ulikataa kufungua pipa. Nilikumbuka kibuyu chako cha mafuta ya nyonyo. Asubuhi za mwezi wa sita ulikuwa ukikiinamisha na hayatoki, mpaka ukiweke kando ya moto. Nikaiona akilini injini ile huko Iringa, watakakolala njiani, alfajiri, mafuta yameganda chini yake, dereva anazungusha hendeli mpaka mabega yanamwuma, na bibi mzee anatetemeka ndani ya gari huku mwanawe akimngoja.

Nilitaka kunyamaza. Nani mimi nimpinge mzee kama yule mbele za watu? Lakini Bwana alipita, akaniona nimesimama na ufunguo.

"Kuna nini, karani?"

Nikaeleza kwa sauti ndogo.

"Ndugu yangu yuko kitandani, na wewe unaniambia habari za kibuyu?"

Nikamwomba ruhusa nitie chupa mbili za mafuta, hamsini na ishirini, katika lile sanduku la barafu wanamowekea soda. Sijui nilipata wapi ujasiri. Tulipozitoa na kuziinamisha, ishirini ilishuka vizuri. Hamsini ilijivuta kama uji uliolala.

Fundi Sefu aliitazama, akavuta ndevu. "Haya, blanketi nimelivua. Lakini hiyo ishirini yako, mwanangu, itafika Morogoro?" Akamimina kidogo katika kopo, akaliweka juu ya jiko la chai. Ikawa nyepesi kama maji. "Huko bondeni kuna joto. Itakimbia hii, vyuma visagane."

Kweli, hilo sikuwa nimeliwaza. Mimi niliogopa baridi tu. Tukajaribu thelathini kwenye barafu na kwenye jiko, na pote ikastahimili.

"Basi thelathini," akasema Bwana. "Na lisipowaka huko, karani, utakuja kulisukuma wewe."

"Aanze kutembea leo," akasema fundi, na safari hii hata Bwana alicheka.

Tangu siku ile mzee Sefu ananiita kwake kula, nami namshukuru Mungu kwa kunipa mtu kama baba huku ugenini. Nakushukuru na wewe kwa kibuyu kile, na kwa mafuta yake niliyokuwa nikiyalalamikia kila uliponipaka miguuni.

Nisalimie mjomba anayekulimia shamba, bibi mzaa baba, na mwalimu wangu wa misheni. Mwambie mwandiko wangu ukitetemeka asiulaumu mkono, injini inaunguruma uani. Bwana amekubali kuibeba barua hii katika koti lake.

Kwa hiyo, Mama, kama Tumaini anakusomea maneno haya, gari liliwaka Iringa asubuhi, mama yake Bwana amefika kwa mwanawe, na mimi bado nina kazi. Tafadhali nenda ukamwone bibi huyo pale dukani, umpelekee kuni kavu. Shali aliyoivaa nimeiona. Ni nyepesi mno kwa kwetu.

Mwanao akupendaye,
Zakaria