Dua Zilizotuelemea

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa cheo! Mratibu wa usalama wa wagonjwa, hospitali nzima. Wodi ni ile ile ya wanawake, meza ile ile yenye mguu mbovu, ila sasa na kazi ya pili juu yangu. Sera imeshuka kutoka wizarani, mkurugenzi akazungusha macho kikaoni, yakatua kwangu. Basi, imekwisha.

Nyumbani mume wangu kanipokea mlangoni: "Karibu, mheshimiwa waziri wa usalama." Kisha kaniambia nikae, vyombo ataosha yeye. Nilipata mume, jamani.

Leo nimekaa na wauguzi. Kabla ya dawa, muulize mgonjwa jina. Muulize kama kuna dawa inayomdhuru — ikiwepo, avae utepe mwekundu mkononi. Ukikosea, sema hapo hapo. Hafukuzwi mtu kwa kosa la kibinadamu alilolisema mwenyewe. Na mgonjwa aambiwe ukweli.

Hapo pa mwisho wakatazamana. Redio akainua mkono. (Muuguzi wetu mwanamume; tunamwita hivyo kwa sababu akianza kuongea hazimiki.) "Sista, hiyo ya kutofukuzwa ni ya kweli, au ya kwenye karatasi tu?"

Nikasema ya kweli. Tena kwa sauti kubwa.

Jumatano, 5 Machi

Bingwa wa upasuaji kapita raundi ananung'unika. Anaziita "karatasi za wizara". Eti alikuwa anapasua watu salama kabla wizara haijajua kuandika. Nimemwacha aseme. Mikono yake ni ya dhahabu, mdomo wake ndio huo.

Kitanda cha dirishani amelazwa mshonaji, atapasuliwa uvimbe wa tumbo kesho. Mama yake ndiye anayemuuguza. Mshonaji kaniangalia juu hadi chini: "Dada, pindo la gauni lako limekwenda upande. Nikipona nitalinyoosha." Mama yake kaona haya, mimi nimecheka mpaka machozi. Kasema penisilini haielewani naye kabisa, utotoni nusura imuue. Utepe mwekundu nimemvalisha mwenyewe. Nimefurahi — sera inatembea!

Alhamisi, 6 Machi

Upasuaji umekwenda vizuri. Asante Mungu. Nimechoka, nalala.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika ovyo, mwandiko huu sijui kama nitausoma.

Mchana, wodi imejaa, wauguzi wawili tu. Nasikia Redio anaita: "Sista! Adrenalini! Haraka!" Nimekimbia. Mshonaji kavimba midomo, pumzi inapiga filimbi, macho yananitafuta. Redio tayari kaweka oksijeni. Akaniinamia sikioni: "Ni mimi. Nimempa penisilini. Sikumuuliza."

Hakusita. Hakusema "labda". Angenyamaza hata kidogo tu, tungebaki tunatafuta chanzo huku anatutoka.

Utepe mwekundu ulikatwa chumba cha upasuaji ili waweke dripu. Hakuna aliyeurudisha. Dawa iliandikwa, Redio akaichoma. Mlolongo wa watu, na mimi mratibu nikiwa hatua chache tu kutoka pale, napanga mashuka.

Adrenalini ikaingia, akarudi. Polepole, pumzi ikafunguka. Nilikaa chini sakafuni bila kujali nani ananiona. Asante. Asante. Asante.

Mama yake alikuwa nje anaanika nguo. Aliporudi alitukuta tumemzunguka mwanawe, tumelowa jasho.

Jumamosi, 8 Machi

Nilitamani nisiende kazini. Mama wa mshonaji kanishika mikono yote miwili. "Nilimwacha mzima, narudi nawakuta mnapigana na kifo. Mmenirudishia mwanangu! Niwape nini mimi?"

Halafu kamgeukia Redio. Kasikia wodini kwamba ndiye aliyemuona wa kwanza. Kamwekea mkono kichwani, kamwombea dua ndefu — yeye, watoto wake, na wajukuu ambao hawajazaliwa. Redio kasimama kama mti. Mama alipomaliza, Redio katoka mbio.

Nimemkuta chumba cha mashuka machafu, paji la uso kwenye ukuta. "Sista, ananiombea dua. Mimi!" Siku nzima hakusema neno lingine. Wagonjwa wanauliza, leo Redio imeishiwa betri?

Nimemwandikia mkurugenzi kwamba familia iambiwe ukweli, kaniita. Mgonjwa amepona, familia inashukuru, sasa nawasha moto wa nini? Anashauri tunyamaze, na Redio ahamishwe kimya kimya. Nikamwambia, basi tuirudishe sera wizarani, maana hapa imekufa. Nilimwahidi Redio mbele ya wenzake kwamba hafukuzwi mtu. Kesho nani atakuja kuniambia amekosea?

Kafungua faili lingine. Nikatoka bila ruhusa ya kukaa wala ya kwenda.

Jumapili, 9 Machi

Mapumziko, eti. Mume wangu kanisikiliza asubuhi nzima bila kunikatiza, kisha kasema: "Angekuwa mama yangu pale, ningetaka kujua." Hilo tu. Limenitosha.

Jioni simu — Bingwa! Hajawahi kunipigia. Bila salamu: "Ile dawa niliandika mimi. Binti aliniambia kliniki, nikasahau. Kesho nitasema mwenyewe. Mkurugenzi nimeshamalizana naye. Wewe uwepo tu, nikianza kuzungusha maneno, kohoa."

Nimelia jikoni. Machozi ya kushukuru, sina jina lingine la kuyapa.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwenye benchi la korido, juu ya goti. Siwezi kungoja nifike nyumbani.

Tumeingia chumba kidogo cha ushauri: Bingwa, Redio, mimi. Mshonaji kwenye kiti cha magurudumu, mama yake pembeni, anatabasamu, anadhani tunamruhusu mgonjwa kwenda nyumbani.

Bingwa kavuta kiti, kakaa usawa wa macho yao. "Kilichomkuta Ijumaa tulikisababisha sisi. Tulimpa dawa aliyotukataza. Niliandika mimi. Naomba radhi." Sikukohoa hata mara moja.

Redio kasema: "Na mimi ndiye niliyechoma."

Mshonaji kajibu kwanza. Kumbe alitaka kuuliza ni sindano gani! Akaogopa tutamwona mjuaji. Akaona bora anyamaze. Maneno yake yamenichoma kuliko kama angetutukana.

Tabasamu limemtoka mama usoni taratibu. Kamtazama Redio. "Kwa hiyo zile dua zangu za Jumamosi..." Hakumaliza. Kajifunga upya khanga, kasema tumtoe binti yake akapumzike, na sote tutoke. Isipokuwa huyu. Kamwonyesha Redio kwa kidole.

Bingwa kataka kubaki. Mama kasema hapana, huyu nina maneno naye.

Mlango umefungwa. Mshonaji nimemrudisha kitandani, nimerudi hapa. Bingwa kasimama dirishani, anajifanya anatazama uwanja. Hajanung'unika tangu asubuhi.

Sasa ndani kiti kinavutwa. Sauti ya mama, kavu: "Kaa. Hebu nieleze wewe mwenyewe, mwanzo hadi mwisho."

Kiti cha pili kinalia.

Namsikia Redio. Kwa taabu, lakini anasema: "Sikumuuliza, mama. Naanzia hapo."