Mfalme Mwenye Jina la Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Juni 1975

Mashewa. Madaftari ya darasa la sita yamesahihishwa, uji umeungua, sura ya tisa imekwama palepale. Mfalme Lusingo amekaa kwenye kiti chake tangu wiki jana na sijui nimwinueje. Anakula vivuli vya watu. Hilo naliweza. Ninaloshindwa ni uchawi wa kumwangusha. Wachawi wangu wanasema kinyume, kama tulivyosema utotoni kuwaficha wakubwa: maji ni jima, nyumba ni mbanyu. Lusingo atakufa siku atakapoitwa Ngolusi. Rahisi. Lakini nikiwaandika wakizungumza, nasikia watoto wanacheza kombolela. Uchawi gani huo?

Tarehe 28 watu wa uchapaji wa vitabu watatoka Dar kuja Korogwe, kuwasikiliza walimu wanaoandika. Watachukua muswada mmoja. Nautaka uwe wangu. Sina haja ya kujifanya.

Alhamisi, 5 Juni

Baba mkwe amefika kutoka Handeni na godoro, jembe na kuku wawili. Kijiji chao kimehamishwa, na walikopelekwa hakuna maji. Hamisi kampa baba yake chumba ninachoandikia. Ni haki yake. Nimekasirika hata hivyo. Juu ya meza yangu sasa pana kikopo cha ugoro. Naandikia jikoni, moshi machoni.

Napiga goti, shikamoo baba, marahaba mwanangu, basi. Wote humwita Baba Hamisi. Mpole mno. Angekuwa mkorofi ningemchukia kwa raha.

Jumapili, 8 Juni

Utenzi wa uchawi umekamilika! Kinyume kwenye mazungumzo nimekitupa, nimekibakiza kwenye jina tu. Beti zote zinaishia na -ngo, ili jina la mfalme liangukie mwisho kabisa kabla ya kugeuzwa.

Ulimi umegeuka
milima yatingishika
mito juu yainuka
umefunguka mlango

Nimeukariri wote kwa sauti nikisonga ugali, na jina nikalipigia kelele. Baba mkwe alikohoa chumbani, akatoka nje. Moshi, labda.

Jumatano, 11 Juni

Sina hamu ya kula.

Tulikwenda Mkumbara kuuza ndizi, Hamisi, baba yake na mimi. Mzee mmoja wa rika lake akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, akamwita kwa jina la utotoni. Baba mkwe akageuka, akacheka, wakakumbatiana. Jina lenyewe ni la mfalme wangu. Silabi kwa silabi.

Sitaliandika tena hata humu. Mkwe hatajwi. Mama alinifunza hivyo kwetu milimani kabla sijajua kusoma, na huku kwa Wazigua ni vivyo hivyo. Nilidhani nimelitunga mwenyewe. Labda nililisikia siku ya harusi, likaingia bila hodi. Na Jumapili nililipigia kelele, ukuta mmoja tu kati yetu!

Nimemgombeza Hamisi. Miaka yote hii hukuniambia?

"Ungeniulizaje? Jina la mkwe haliulizwi."

Kweli. Ndiyo maana nina hasira zaidi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimejaribu majina mengine. Zimba lilinipendeza mpaka nilipoligeuza: mbazi. Mfalme mla vivuli anauawa kwa mbazi! Kibongo lina -ngo yake, lakini kinyume chake kinalia kama debe. Na mkono unakataa. Nimeishi na mfalme yule miaka miwili. Nikimwita jina jingine anakuwa mgeni aliyevaa nguo zake.

Nimenakili muswada upya. Kila penye jina nimeacha nafasi.

Jumatano, 18 Juni

Darasa la watu wazima. Baba mkwe yumo, mstari wa mbele. Leo kila mmoja aliandika jina lake. Ilipofika zamu yake aliniangalia tu. Angefundishwa vipi na mtu asiyeweza kulitamka? Nikaandika ubaoni simba, ngoma, luku. "Luku" si neno, darasa likacheka. Nikapigia mstari silabi tatu na kumpa chaki. Alitoka jasho. Akazipanga vizuri. Nikafuta ubao haraka kama mwizi.

Jumamosi, 28 Juni

Korogwe. Nimesoma mbele ya watu. Kila penye nafasi nilinyamaza, kisha nikaendelea. Mara ya kwanza walidhani nimesahau. Kufikia mara ya tano ukumbi mzima ulikuwa kimya, mama mmoja kamkumbatia mtoto wake. Waliogopa! Nilijua wanaogopa.

Bwana wa uchapaji akasafisha miwani. "Mwalimu, hadithi tunaitaka. Lakini kitabu hakiwezi kuwa na mashimo. Jaza mashimo, ulete muswada mwisho wa Julai." Nikamweleza. Akasema mila kama hizo ndizo zinazoturudisha nyuma. Nilitamani kumgeuza yeye kinyume.

Jumanne, 1 Julai

Nimemwomba Hamisi ajaze yeye. Kakataa katakata.

"Nimwandike baba yangu mla watu?"

Mla vivuli, nikamwambia. Haikusaidia. Muswada tunaupoteza kwa sababu ya neno moja lisiloweza kupita mkononi mwangu wala mwake. Nimelia jikoni. Mara hii si moshi.

Alhamisi, 3 Julai

Mbaya zaidi. Hamisi kamsomea baba yake hadithi yote, mpaka mwisho, eti ni heri ajue kutoka kwetu nafasi zile ni za jina la nani. Chakula cha jioni hakugusa. Naona aibu hadi kwenye kucha.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya alasiri. Nilitoka uani na maji, nikamkuta baba mkwe amekaa mkekani, muswada magotini, penseli mkononi. Anajaza nafasi. Herufi kubwa, zimelala, nyingine zimetoka nje ya mstari. Karatasi imetoboka mahali. Alikuwa ukurasa wa tatu tu.

Nikapiga goti. Hakuinua kichwa. Akaniuliza pale mwisho, mfalme anapokufa, jina liandikweje. Nikamwonyesha kwa kidole: silabi hii itangulie. Akaliandika polepole. Kisha akalitamka, kwa kinyume, kwa sauti, na akangoja.

"Mbona sijafa?"

Akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, bado nimepiga goti. Kisha akalowesha ncha ya penseli mdomoni na kurudi ukurasa wa tatu. Nikaenda kuepua maharage.