Skrubu ya mgeni rasmi

Anitha uko wapi?? Nitapasuka huku karakana.

Ule mkanda wa mashine ya msasa uliokuwa unakimbilia pembeni na kula fremu, leo nimeurudisha katikati. Nimezungusha skrubu ya rola robo tu. ROBO. Ukatulia kabisa.

Bosi Batholomeo, na ustaafu wake wa serikali, ananiuliza, "Umezungusha kwa idhini ya kikao gani?"

Kikao gani, Anitha! Skrubu!! Wiki hii mikanda miwili imechanika tukisubiri vikao vyake.

Nikamwambia, "Lakini mzee, si umenyooka?"

Akazima mashine. Akairudisha skrubu palepale ilipokuwa. Eti Ijumaa anakuja mgeni rasmi kuizungusha.

Kazi zimesimama. Mimi nimetumwa Miyuji kununua utepe wa uzinduzi.